Barua ya Mjane wa Kawangware na Neno "Kuacha"



Juma hili, ndugu zetu wasomaji na khasa akina mama, twawaletea sentensi moja ya Kiingereza. Twajua kwamba gazeti letu haliandikwi kwa lugha hiyo, na wengi wetu huikwepa tuwezapo. Lakini sentensi hii imetushughulisha siku nyingi, na ndani yake mna haki ya mjane na mayatima watatu. Twaiandika kama ilivyotufikia, bila ya kuongeza wala kupunguza:

"My husband left me in 2017 with three children and now he is late, my in-law she has refused with the papers, and I borrowed him 30,000, so I kindly request to be remembered."

Aliyesoma Kiingereza cha skuli atacheka kidogo. Aliyesoma zaidi atakunja uso. Sisi tuliielewa yote mara moja, kwa sababu tuliisoma kwa Kiswahili. Kila neno humo lina Kiswahili nyuma yake, mfano wa mtu aliyeazima koti la mwenziwe: mabega yamebana na mikono imepitiliza, lakini mwenye kulivaa ni yule yule tumjuaye. Tabu ni kwamba karani aliyeipokea barua hakumjua mtu. Aliliona koti tu.

Mama mwenye barua akaa Kawangware, magharibi ya jiji la Nairobi, kule ziendako matatu za nambari 46, ukishayapita majumba makubwa ya Lavington. Wasomaji wetu wa Mombasa, Malindi na Lamu huenda wakadhani kwamba Waislamu wa Nairobi ni wa Eastleigh na Kibera peke yake. Kawangware nako wako, na baadhi yao asili yao ni Mumias, ambako dini yetu iliingia tangu enzi za Nabongo Mumia pamoja na misafara ya biashara iliyotoka huku kwetu pwani. Marehemu mumewe alikuwa mmoja wa hao. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Mwaka 2017 alipata kazi Mombasa, wakaafikiana yeye na mkewe kwamba mama abaki Kawangware na watoto, kwa kuwa watoto walikuwa wamekwisha kuingia skuli na mama alikuwa na biashara yake ya mandazi. Mume akaenda. Alikuwa akirudi kila apatapo ruhusa, na kila mwezi akituma masurufu kwa simu. Mwanzoni mwa mwaka huu akaugua, akafariki. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiuun.

Mama alipomaliza eda alitaka kufuatia malipo ya mumewe katika ofisi moja mjini. Akaambiwa aandike barua, na kama ilivyo desturi ya miji yetu, hakuna aliyemwambia aandike kwa lugha gani. Yeye mwenyewe alidhani ofisi haisikii ila Kiingereza. Akaenda kwenye duka la kompyuta, wanaloliita saiba, akamkuta kijana mpole, akamweleza habari yake yote kwa Kiswahili huku kijana akipiga chapa kwa Kiingereza. Akalipa shilingi 50, akatia sahihi chini ya maneno asiyoweza kuyasoma.

Barua ikarudi. Pembeni karani aliandika kwa kalamu nyekundu kwamba mwombaji alete cheti cha talaka.

Mama akashangaa, maana talaka haijui. Na jambo halikuishia hapo. Ofisi ilikuwa na jina la kaka wa marehemu katika faili, ikampigia simu. Akenda, akaonyeshwa barua, akapewa nakala. Kaka huyu, ambaye pia akaa Kawangware, upande wa Gatina, ndiye aliyeshika hati zote za marehemu, ikiwamo ya kiwanja kilichoko Mumias. Akaichukua nakala ile akawaendea wazee wa ukoo, akawaambia: tazameni, mwenyewe amekiri kwa sahihi yake kwamba ndugu yetu alimwacha tangu mwaka 2017. Mwanamke aliyeachwa miaka yote hiyo harithi kitu.

Ndipo mama alipotuletea karatasi ile msikitini, baada ya darasa yetu ya baina ya Magharibi na Isha, akauliza swali moja tu: "Sheikh, nimeandika nini mimi?"

Tulimwambia asimame kwanza atuhadithie alivyomwambia kijana wa saiba, kwa maneno yale yale. Akasema: "Nilimwambia, mume wangu aliniachia watoto watatu mwaka 2017 akaenda Mombasa kikazi, na sasa ni marehemu."

Aliniachia. Hapo pana irabu moja ambayo haikuvuka upande wa pili. Kiswahili chetu, ambacho watu wanakidharau kwamba ni lugha ya sokoni, kina mlango wake wa vitenzi uliopangwa kwa uangalifu mkubwa. "Aliniacha" ni jambo moja. "Aliniachia" ni jambo jingine kabisa. Katika la kwanza mwenye kuachwa ni mimi. Katika la pili mimi ndiye niliyekabidhiwa kitu: watoto, ufunguo, amana, duka. Mtu humwachia nyumba yule anayemwamini. Kijana alitafuta katika Kiingereza chake neno la kuacha, akalipata, akaliandika, na ile irabu ikadondoka njiani. Kisha akaona sentensi imekuwa ndefu, akaitupa Mombasa na kazi yake. Kilichobaki ni mwanamke aliyeachwa.

Kiingereza nacho, tukisema haki, kina mafumbo yake hapa. Neno lile lile "left me" likifuatwa na jina la mahali, ni kwamba mume amesafiri na mke yuko pale. Likifuatwa na nyumba au shamba, ni kwamba amemrithisha. Likisimama peke yake, au likifuatwa na mwaka tu, kila Mwingereza atafahamu kwamba mume amevunja nyumba akaenda zake. Lakini hata huyo Mwingereza hatafahamu kwamba pana talaka, kwa kuwa kwao mtu aweza kumkimbia mkewe miaka ishirini na ndoa ikabaki katika vitabu vya serikali. Karani wetu si Mwingereza. Yeye naye aliisoma sentensi kwa Kiswahili chake kama sisi, ila yeye alikwenda njia nyingine: aliona "left", akasikia "aliacha", na mwanamke aliyeachwa kwa Kiswahili ni mwenye talaka yake mkononi. Kwa hiyo sentensi ilipotoshwa mara mbili, mara moja wakati wa kwenda na mara moja wakati wa kurudi.

Sisi watu wa pwani twalijua neno hili vizuri zaidi kuliko tunavyopenda. Mtu aweza kuacha wasia, kuacha sigara, kuacha mlango wazi. Mwanamke akiwa kituoni akasema "nimeachwa", mwenziwe humwambia basi jingine laja. Akiyasema maneno hayo hayo mlangoni kwa mamake huku ameshika sanduku, nyumba nzima huingia msibani. Na mume amwambiapo mkewe "nimekuacha", hatuendi kutafuta kamusi.

Wanafunzi wa chuoni watakumbuka kwamba mafakihi wameyagawa maneno ya talaka mafungu mawili. Yako yaliyo wazi, yasiyobeba maana nyingine, na hayo hayahitaji mtu kuulizwa nia yake. Yako ya kinaya, yanayobeba talaka na kisichokuwa talaka, na hayo hayawi kitu mpaka ijulikane msemaji alikusudia nini. Basi ikiwa mume mwenyewe, ambaye talaka i mkononi mwake, huulizwa nia yake katika neno lenye maana mbili, itakuwaje mke asiulizwe, naye hakulisema neno lile bali ameandikiwa, tena kwa lugha ya watu?

Kuna kisa ambacho walimu wetu wakipenda kutuhadithia tulipokuwa tukisoma Ajrumiya na kulalamika kwamba nahau haina faida. Husimuliwa kwamba al-Kisai, imamu wa nahau wa Kufa, alikutana na Abu Yusuf, mwanafunzi wa Abu Hanifa na mtu wa kwanza kuitwa Kadhi wa Makadhi, mbele ya Khalifa Harun al-Rashid huko Baghdad. Abu Yusuf hakuwa akiithamini sana nahau. Al-Kisai akamuuliza juu ya mtu aliyemwambia mkewe kwamba ameachika "in" akiingia nyumba fulani. Abu Yusuf akajibu kwamba akiingia, talaka imepita. Al-Kisai akamwambia la, ngoja kwanza usikie irabu. Akisema "in", kwa kasra, maana yake ni "ikiwa", na mke bado ni mkewe mpaka aingie. Akisema "an", kwa fat-ha, maana yake ni "kwa kuwa umeingia", na talaka imekwisha kupita zamani. Irabu moja, na mwanamke yuko nje ya nyumba au ndani. Wasema Abu Yusuf tangu siku ile akawa hamwachi al-Kisai. Na hapo tena, wasomaji, neno "hamwachi" halina talaka ndani yake.

Tulimwambia mama asiogope neno "amekiri". Ni kweli kwamba kukiri ni hoja juu ya mwenye kukiri, na kama angeandika waziwazi kwamba alipewa talaka mwaka 2017 na eda yake ikaisha, jambo lingekuwa zito. Lakini katika mlango wa iqrari, hata katika kitabu kidogo cha Abu Shujaa ambacho watoto wetu huanzia, imo kanuni kwamba mtu akikiri jambo lisilobainika, hurejewa yeye mwenyewe alibainishe. Haendewi jirani, wala shemeji, wala kijana wa saiba. Yeye ndiye wa kuulizwa.

Na alipoulizwa alikuwa na ya kusema. Simu yake ina ujumbe wa M-Pesa wa kila mwezi, jina la mumewe na kiasi alichotuma, mpaka mwezi wa mwisho kabla ya ugonjwa. Mtu hatumi masurufu miaka yote hiyo kwa mwanamke ambaye si chochote kwake. Au tuseme aweza kutuma kwa ajili ya watoto, na hilo ndilo shemeji alilolishika. Hoja iliyomshinda shemeji ni nyingine, na aliitoa mama mmoja mtu mzima wa jamaa yao, siyo sisi. Alimuuliza shemeji: siku ya tatu ya matanga ni nani aliyemkalisha huyu mtoto eda? Si mkeo? Si wewe uliyeleta unga na sukari ukasema mjane asitoke? Eda ya kufiliwa, miezi minne na siku kumi, hukaa mke. Aliyekwisha kuachwa na eda yake ya talaka ikamalizika tangu miaka mingi hakalishwi eda mara ya pili kwa kifo cha mtu asiyemhusu. Ukoo wote ulimkalisha, na hakuna aliyenyanyua mdomo, mpaka ilipokuja karatasi ya Kiingereza.

Twataka akina mama walishike hili, maana tumelisikia likisemwa kinyume hata huku kwetu. Mume akisafiri, akakaa mbali, hata akipotea asitume kitu, ndoa haikatiki kwa umbali wala kwa muda. Hukatika kwa talaka, au kwa hukumu ya Kadhi, au kwa mauti. Na akifa hali mke yuko katika eda ya talaka rejea, basi mke huyo bado ni mrithi. Anayetoka katika mirathi ni yule ambaye talaka yake imekwisha kutimia na eda yake imemalizika. Fungu la mke limetajwa katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 12: robo asipokuwa na mtoto marehemu, na thumni, yaani sehemu moja katika nane, akiwa naye. Mama wa Kawangware, kwa kuwa marehemu ana watoto watatu, fungu lake ni thumni. Yaonekana ni kidogo, lakini ni lake, na halikutolewa na ukoo hata ukoo uweze kulirudisha.

Sasa twende kwenye neno la pili, ambalo ni jepesi na limewachekesha watu wengi: "now he is late". Kwa Mwingereza mtu huyo amechelewa. Bila shaka yuko njiani, foleni imemshika Waiyaki Way, wekeni chai motoni. Waingereza hulitumia neno hilo kwa maiti pia, lakini kwa sharti: lazima litangulie jina, kama sisi tunavyosema marehemu fulani. Likija nyuma ya jina peke yake, mtu amechelewa tu. Sisi "marehemu" letu, ambalo ni la Kiarabu na maana yake ni aliyerehemewa, hukaa popote: marehemu babangu, babangu ni marehemu. Ndiyo maana kutoka Nairobi mpaka Kisumu utasikia watu wakisema baba yao "is late", na wote husikilizana bila ya tatizo. Ofisi yenyewe ilisikia. Hatuoni haja ya kulifanya kosa kubwa, ila tulilibadilisha katika barua kwa kuwa palihitajika tarehe ya kufa, na neno "marehemu" halina tarehe.

Neno la tatu ni la fedha, na hapo hatukucheka. "I borrowed him 30,000." Alichosema mama ni "nilimwazima elfu thelathini". Mumewe alipoanza kuugua alitaka fedha za hospitali, na mama akamtumia kutoka katika akiba yake ya mandazi, mara mbili, elfu kumi na tano kila mara. Mume akamjibu kwa ujumbe wa simu kwamba atamrudishia baada ya Ramadhani. Ujumbe uko mpaka leo. Hilo si hiba, ni deni, na mwenye kudaiwa amelikubali.

Kiswahili kina neno moja la kuazima kwa pande zote mbili. Niliazima kwake, nilimwazima yeye: shina ni lile lile, na twatambua mtoaji na mpokeaji kwa namna tulivyolifunga neno. Kiingereza kina maneno mawili yasiyofanana hata kidogo, moja la mpokeaji, "borrow", na moja la mtoaji, "lend". Kijana alichukua la mpokeaji. Kwa hiyo mwenye kusoma haraka ataona kwamba mama ndiye aliyechukua elfu thelathini za marehemu. Yaani mdai amegeuka mdaiwa.

Mtadhani ni jambo dogo. Tupige hesabu kwa mfano, tuseme baada ya gharama za mazishi mali iliyobaki ni shilingi 400,000. Deni hulipwa kabla ya mirathi kugawanywa, hilo halina khitilafu. Mama akiwa ndiye mdai, hulipwa kwanza 30,000 zake. Zabaki 370,000, na thumni yake ni 46,250. Jumla atoka na 76,250. Mama akiwa ndiye mdaiwa, deni lake huongezwa katika mali, ikawa 430,000. Thumni ni 53,750, na humo hukatwa 30,000 anazodaiwa, akatoka na 23,750. Tofauti ni shilingi 52,500. Kwa anayekaanga mandazi Kawangware hiyo ni kodi ya nyumba ya miezi mingi, na imekaa ndani ya kitenzi kimoja.

Tunawashauri wenye kuandika habari za fedha kwa Kiswahili waliache neno kuazima watumie kukopa na kukopesha. Hayo hayagongani. Nilikopa, nadaiwa. Nilikopesha, nadai.

Yaliyobaki tuliyapitia upesi. "She" aliyekataa na karatasi ni shemeji, naye ni mwanamume mwenye ndevu. Kiswahili hakimwulizi mtu kama ni mke au mume: alikuja, amekataa, hati zake. Kiarabu humwuliza hata ukisema naye uso kwa uso. Kiingereza kiko katikati, humwuliza pale anapokuwa hayupo tu, na watu wetu husahau. Neno "shemeji" nalo ni la wake na waume. Ofisi ilikuwa yamtafuta mwanamke, ikidhani labda pana mke wa pili. Na lau angekuwapo mke wa pili, ile thumni wangegawana. Na "refused with the papers" ni "amekataa na karatasi", ambalo kila mtu wa Nairobi hulifahamu na Kiingereza hakilijui: kwao mtu hukataa kutoa, hakatai na kitu. Ama "to be remembered", naomba nikumbukwe, hilo tuliliondoa kabisa. Kukumbukwa huomba mwenye kutaka ihisani. Mama hataki ihisani. Ataka ahesabiwe katika warithi.

Tukakaa usiku ule, sisi na mama na binti yake mkubwa, tukaandika kwanza kwa Kiswahili. Tulisisitiza hivyo. Kijana wa saiba alikuwa na Kiingereza cha kumtosha, kilichokosekana ni mtu wa kumuuliza mama "wakusudia nini?" kabla ya kutafsiri. Sentensi yake moja ikawa sita. Mume wangu alikwenda kufanya kazi Mombasa mwaka 2017, mimi na watoto wetu watatu tukabaki Kawangware kwa mapatano yetu. Hakupata kunipa talaka. Amefariki mwezi wa Januari mwaka huu. Kaka yake anazo hati zake na hajakubali kunipa. Nilimkopesha mume wangu shilingi 30,000 na hakuwahi kuzilipa. Naomba niandikwe katika orodha ya warithi wake.

Binti, ambaye yuko kidato cha tatu, ndiye aliyezitia katika Kiingereza, moja moja, naye akasoma kila moja kisha akairudisha kwa Kiswahili ili mamake asikie. Palipokuwa na "left me" sasa pana "went to work in Mombasa in 2017 while I and our three children remained in Kawangware". Ni ndefu, haina uzuri, na haina mlango wa pili wa kutokea. Mama aliposikia "He never divorced me" ikisomwa kwa Kiswahili alisema iandikwe kwa herufi kubwa. Tulimwambia herufi za kawaida zatosha.

Pamoja na Kiingereza tukaambatisha ile ya Kiswahili, naye akatia sahihi zote mbili. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na tena lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hivyo barua ile ingeweza kwenda kwa Kiswahili tangu siku ya kwanza, na karani asiwe na haki ya kuikataa kwa lugha yake. Akina mama wengi hawakuambiwa hilo. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Mungu amrehemu, alipoanzisha Sahifa mwaka 1930 na al-Islah mwaka 1932 pale Mombasa, aliandika mambo ya dini na dunia kwa Kiswahili katika zama ambazo hapakuwa na katiba ya kumlinda. Na alipokuwa Kadhi Mkuu tangu mwaka 1937, waliosimama mbele yake walisema kwa lugha waliyoisema nyumbani.

Shemeji tulimwita baada ya sala ya Ijumaa. Hatukumpa Kiingereza. Tulimsomea Kiswahili, sentensi moja baada ya nyingine, na baada ya kila moja tukamuuliza kama ni kweli au si kweli. Ya kwanza akasema kweli. Ya pili, ya talaka, akakaa kimya muda, akatazama mkeka, kisha akasema kwamba yeye hakusikia talaka kwa nduguye, aliisoma kwenye karatasi. Ya tatu kweli. Ya nne akasema kwamba hati amezishika kwa kuzihifadhi, siyo kwa kuzizuia. Ya tano akataka kuona ujumbe wa simu. Akaonyeshwa, akausoma mara mbili, na pale penye Ramadhani akafuta macho, maana nduguye hakuifikia. Ya sita akasema hilo ni la Kadhi.

Amesema kweli, ni la Kadhi. Kifungu cha 170 cha Katiba kimewapa Makadhi mambo ya hali za watu, ndoa, talaka na mirathi, pale pande zote zikiwa ni za Waislamu na zimekubali kwenda mbele yake, na shemeji amekubali mbele ya mashahidi wawili. Ofisi imeipokea barua mpya na safari hii haikuandika kitu kwa kalamu nyekundu. Hati ya kiwanja cha Mumias bado iko Gatina, imefungwa katika bahasha, na mama amepewa siku ya kwenda kusikilizwa. Binti ameomba ruhusa skuli ili amfuate mamake, na ameichukua karatasi ya Kiswahili.

Wabillahi tawfiiq.